Kabla Hujaandika "Chukua"

Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima, alibisha hodi kwangu magharibi moja akiwa ameshika bahasha ndogo ya dawa. Pamoja na vidonge alikuwa na kikaratasi cha maelekezo kilichotafsiriwa kutoka Kiingereza: "Chukua kidonge 1 asubuhi na kidonge 1 jioni." Aliniuliza, "Mwanangu, vidonge si nimeshapewa vyote? Mbona karatasi inaniambia nichukue kimoja asubuhi na kimoja jioni? Nikavichukue wapi tena?" Tangu asubuhi alikuwa hajameza hata kimoja. Nikamwambia, "Mama, wanataka umeze." Akanitazama kidogo, akasema, "Basi si wangeandika meza?"

Nimefasiri na kuhariri maandishi ya watu kwa miaka mingi, na sijasikia somo la tafsiri lililo fupi na kamili kama swali hilo. Aliyeandika kikaratasi kile alikutana na kitenzi cha Kiingereza "take", akakumbuka alichofundishwa shuleni, akaandika "chukua". Mwalimu aliyemfundisha hana kosa, kwa kuwa mtoto lazima aanzie mahali. Kosa ni letu sisi tunaobaki na jibu la darasa la tatu hadi tunapokuwa wauguzi, waandishi wa habari, makarani na wafasiri, watu ambao maneno yao huwafikia wagonjwa na wapiga kura. Makala haya ni kwa ajili yao, na kwa kila mzazi mwenye mtoto anayesoma lugha hizi mbili kwa pamoja.

Tuanze na ukubwa wa kitenzi chenyewe. Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake maarufu ya Kiingereza London mwaka 1755, alipofika kwenye "take" alijaza kurasa tano na kupanga maana 134. Hicho ni Kiingereza cha zaidi ya miaka 250 iliyopita, kabla ya treni, kamera, mitihani ya taifa na ndege. Kila kimoja kati ya hivyo kimeongeza matumizi mapya ya neno lilelile. Anayedhani kwamba neno moja la Kiswahili linaweza kubeba maana zote hizo anakionea Kiswahili, na anakionea Kiingereza pia.

Tena neno lenyewe Waingereza hawakuzaliwa nalo. Mababu zao walisema "niman", ndugu wa "nehmen" ambayo Wajerumani wanaitumia mpaka leo. Kuanzia karne ya 9 watu wa Skandinavia walilowea mashariki na kaskazini mwa Uingereza, wakaja na "taka" yao, ambayo haina ukoo na "kutaka" yetu ingawa sauti zinafanana. Ikawa wenyeji na wageni wanauziana na kuoana, na taratibu "niman" ikafifia. Leo imebaki kwenye masalia kama "numb", neno la kiungo kilichokufa ganzi, yaani kilichoondolewa hisi zake. Katika Kigothi, lugha ya ukoo huohuo iliyokwisha kufa, neno linalohusiana na "take" lilikuwa na maana ya kugusa. Shina la "take", basi, ni mkono unaofika kwenye kitu na kukigusa.

Sasa lichunguze "chukua" letu. Mchukuzi ni mtu wa kubeba mizigo. Wizara ya Uchukuzi hushughulikia bandari, reli na viwanja vya ndege. Mwanamke huchukua mimba. Mtoto anayewatunza wazazi wake uzeeni, watu wa zamani walisema anawachukua. Kanzu ikikukaa vizuri mwilini utaambiwa imekuchukua, na rangi mbili zikipatana zinachukuana. Mume na mke wanaostahimiliana huambiwa wanachukuliana. Ukumbi huchukua watu 300, na lori huchukua tani 10. Ukizikusanya maana hizi zote pamoja utaona zina kitu kimoja: uzito, na mwenye kuubeba. "Take" ilianzia kwenye vidole na "chukua" ilianzia begani. Maneno haya hukutana mahali padogo tu, pale mkono unapokamata kitu na kuondoka nacho. Nje ya hapo kila moja lina njia yake, na ndiyo sababu kikaratasi cha dawa kilimpotosha jirani yangu. Kwake yeye, mtu aliyekizoea Kiswahili tangu utotoni, kuchukua kidonge ni kukitoa mahali fulani na kwenda nacho.

Ushauri wangu wa kwanza ni huu: ukikutana na "take", acha kwanza kalamu na uone tendo. Nani anafanya, anafanya kwa nini, na kitu kinakwenda wapi? Ukishaliona tendo machoni, Kiswahili kitakuletea kitenzi chenyewe bila kamusi. Mtu na dawa ya vidonge: anameza. Dawa ya maji: anakunywa. Mtu na basi: anapanda. Mtu na mtihani: anafanya. Mtu na joto la mwili: anapima. Mtu na pumzi: anavuta. Mtu na likizo: anakwenda. Mtu na kiapo: anakula, na hapa Kiswahili kimetumia kinywa ambapo Kiingereza kimetumia mkono, maana anayeapa anakiingiza kiapo ndani ya mwili wake, na kikimgeuka kitamdhuru akiwa amekwisha kukimeza. Ni taswira nzito, na ni yetu.

Usipoliona tendo, utaandika jambo jingine kabisa bila kujua. "Nimekwenda studio kuchukua picha" ni sentensi safi ya Kiswahili. Maana yake picha zimekwisha kusafishwa nami nimekwenda kuzifuata. Aliyekaa mbele ya kamera amekwenda kupiga picha. "Wanafunzi walichukua mtihani" inaweza kumwamsha ofisa wa elimu usiku, kwa kuwa mtihani uliochukuliwa ni mtihani uliotoka kabatini. Wanafunzi walioingia chumbani wakajibu maswali walifanya mtihani.

Hata kwenye usafiri kuna tofauti ambayo sikio la mzawa huijua hata kama hajawahi kuieleza. Teksi au bodaboda mtu huichukua, na si kosa, kwa kuwa anaikodi, inakuwa yake kwa muda wa safari na inakwenda anakotaka. Daladala au matatu ina njia yake na abiria wake, iwe na wewe au bila wewe, hiyo unaipanda. Kwa hiyo sisemi kwamba kila "chukua" iliyo karibu na "take" ifutwe. Ninachosema ni kwamba iwepo kwa sababu inastahili kuwepo.

Swali la tatu, kitu kinakwenda wapi, lina utajiri wake. Kiingereza husema kwa kitenzi kimoja kwamba mtu ameshika kitu na kwamba amekifikisha mahali. Sisi safari hiyo tunaigawa mara mbili. "Take this book to your aunt" kwa Kiswahili kizuri ni "Chukua kitabu hiki umpelekee shangazi." Kuchukua ni mwanzo wa safari, kupeleka ni mwisho wake, na ndani ya "umpelekee" kuna "-ea" ile ya kumtendea mtu, inayomweka shangazi ndani ya kitenzi chenyewe. Wafasiri wachanga wanaogopa kutumia vitenzi viwili mahali pa kimoja, wakidhani wameongeza neno ambalo mwandishi hakuliandika. Msiogope. Mgonjwa naye hachukuliwi hospitali, anapelekwa. Ukiandika "walimchukua hospitali", msomaji ataelewa kwamba mgonjwa alikuwa amelazwa na ndugu wakaenda kumtoa.

Kisha kuna suala la ridhaa, na hapa ndipo mwandishi wa habari anapaswa kuwa mwangalifu kuliko mtu yeyote. "Take" haisemi kama mwenye mali alikubali. Kiswahili kina ngazi nzima kwa jambo hilo. Anayepewa hupokea, anayepewa rasmi hukabidhiwa. Anayechukua ili arudishe kitu kilekile huazima, kama sufuria ya jirani, na anayechukua ili arudishe kingine cha thamani ileile hukopa, kama sukari au fedha. Anayekwapua hupita haraka na kitu cha mtu. Anayedokoa hutwaa kidogokidogo, nyama moja ya chunguni leo, nyingine kesho. Anayepokonya na anayenyang'anya hutumia nguvu mbele ya macho ya mwenye kitu, na anayepora huongeza vitisho. Kutwaa ni neno kongwe lenye heshima yake, lililobaki hai makanisani na kwenye kurasa za michezo, ambako timu hutwaa kombe.

Sasa fikiri umepewa taarifa ya Kiingereza inayosema mshukiwa "took the phone", nawe unataka sentensi yenye nguvu. Ukiandika "aliiba" au "alipora", umemhukumu mtu kabla ya hakimu. Hapa ndipo "anadaiwa kuchukua simu" inapokuwa neno sahihi kuliko yote, kwa sababu linaeleza kitendo na kuiachia mahakama sehemu yake. Ufundi wa kutafsiri hauko katika kulikimbia "chukua". Uko katika kujua siku yake.

Nije kwenye jambo ninalolipenda zaidi katika habari hii nzima, nalo ndilo linaloniumiza. Kiingereza kikitaka kuongeza maana ya "take" hukiwekea kitenzi vineno vidogo nyuma yake: "take off", "take out", "take down", "take in". Kiswahili hakikuhitaji vineno hivyo. Kinayo kauli ya kutendua, inayogeuza tendo kwa kubadili mwisho wa kitenzi. Umevaa nguo, sasa unaivua. Ulianika nguo juani, wingu limetanda, unazianua. Ulitandika kitanda, leo ni siku ya kufua, unakitandua. Ulibandika tangazo ukutani, muda wake umekwisha, unalibandua. Uliangika kitu, unakiangua; nazi na maembe huanguliwa vilevile. Uliezeka paa kwa makuti, yamechakaa, unaliezua. Ulichomeka kisu alani, unakichomoa. Ulipakia mizigo, umefika, unaipakua. Na wali ukiiva unapakuliwa pia. Chungu kilichoinjikwa jikoni huepuliwa.

Jaribu kuvihesabu vitenzi hivyo, kisha uvitafutie Kiingereza chake. Karibu vyote vitarudi kwenye "take" na kineno kimoja nyuma yake. Lugha yetu ina tendo moja la kuondoa nguo mwilini, jingine la kuiondoa juani, na jingine la kuondoa shuka kitandani, na kila moja limebeba ndani yake tendo lililotangulia. Ukisikia "anua" unajua palikuwa na jua na pana mvua inakuja. Neno moja limekueleza hali ya hewa.

Lakini nenda leo kwenye nyumba za mjini usikilize. Mvua ikinyesha, mtoto anaambiwa "toa nguo". Ubwabwa ukiiva, "toa chungu". Shuka zikichafuka, "toa shuka". "Toa" ni neno zuri, lakini limegeuzwa kuwa "take" ya Kiswahili, neno moja la kumalizia kila shughuli, na wenzake wanakufa kimyakimya jikoni na uani. Nimekutana na vijana waliohitimu chuo kikuu, wanaoandika Kiingereza safi, ambao hawakuwahi kusikia "epua". Hawana lawama, kwa sababu neno la jikoni halifundishwi kwa ubao. Linafundishwa na mtu mzima anayesema "Epua chungu, mwanangu, kimeungua" wakati mtoto yuko pale na moshi uko puani mwake. Mzazi unayesoma haya, huhitaji vitabu kwa somo hili. Kesho zikianikwa nguo, litumie neno lake, na zitakapoondolewa, ulitumie tena. Fundisha kwa jozi: anika, anua, tandika, tandua, bandika, bandua. Watoto hupenda jozi, na wakishaipata kanuni wataanza kuulizia nyingine wenyewe.

Mambo ya adabu nayo yanahitaji neno. Mwenyeji wa Kiingereza humwambia mgeni "take a seat", na tafsiri ya harakaharaka ni "chukua kiti", sentensi ambayo nimeikuta kwenye maandishi ya mapokezi. Mgeni wa Kiswahili haambiwi achukue kiti, asije akakibeba. Anaambiwa "karibu kiti" au "karibu uketi", na akiwa mtu wa heshima, kiti chenyewe kitasogezwa kwake kabla hajaombwa akae. Vivyo hivyo unapompa mtu mzima kitu, husemi "chukua" kwa sauti ya kuamuru. "Pokea, Bibi" ina adabu zaidi, na "Shika, mwanangu" ni ya mkubwa kwa mdogo. Dukani mnunuzi wa Kiingereza akisema "I'll take it", mwenzake wa Kariakoo au wa Mombasa husema "Nifungie hii" au "Nipe hii". Ukifasiri mazungumzo ya hadithi au ya filamu, usitazame neno. Tazama waliopo: nani mkubwa, nani mgeni, nani mwenye duka.

Magazeti na redio zinanipa kazi zaidi. Nina orodha kichwani ya misemo iliyoingia kutoka Kiingereza ikiwa imevaa "chukua", na baada ya kuipima mmoja mmoja nimeona haifai kuhukumiwa kwa pamoja.

"Mkutano utachukua nafasi Jumamosi" ni kosa na litabaki kosa. Kuchukua nafasi ni kukalia mahali au kushika cheo cha mwingine. Mkutano hufanyika, ajali hutokea, sherehe huadhimishwa. "Alichukua sehemu katika mashindano" nayo ivunjwe, kwa kuwa tunalo "alishiriki". "Walichukua faida ya unyonge wake" ni mbaya zaidi, maana faida kwa Kiswahili ni jambo jema, na anayemtumia mnyonge hana jema analofanya: alimwonea, alimnyonya, alitumia unyonge wake. "Kuchukua uamuzi" inasikika kila siku, nami naisahihisha kila siku. Tunaamua, tunatoa uamuzi, tunafikia uamuzi, na wazee walikata shauri, msemo wenye makali yake kama panga.

Lakini "chukua hatua" siigusi. Ilipoingia ilikuta "piga hatua" tayari ipo, na badala ya kuifukuza zikagawana kazi. Anayepiga hatua anaendelea mbele. Anayechukua hatua anafanya jambo ili kuzuia au kurekebisha kitu. Serikali inaweza kuchukua hatua bila kupiga hatua, na msomaji yeyote wa gazeti ataelewa tofauti hiyo mara moja. Mgeni wa namna hiyo amekuja na zawadi, apewe uraia. "Chukua muda" pia naiachia, ingawa najua walimu watakaonipinga. Kama ukumbi unachukua watu na lori linachukua tani, sioni kwa nini kazi isichukue siku tatu. Ni uzito uleule wa begani, safari hii wa saa na siku. Ila nawaomba waandishi wakumbuke kwamba kuna njia nyingine. "Safari ni ya saa tatu", "kazi ilimaliza wiki nzima", "shughuli hii inakula muda". Hiyo ya mwisho hasa, yenye "kula", inaonyesha uchovu ambao "chukua" haiuonyeshi.

Mtaani nako kuna uhai. Vijana wa Tanzania wakisema "usinichukulie poa" wamelijibu tatizo gumu la mfasiri, namna ya kusema kwamba mtu amekupuuza kwa sababu amekuzoea au amekudharau, na wamelijibu kwa "-lia" ya Kiswahili iliyokamilika. Katika barua ya ofisi ningeandika "usipuuze" au "tilia maanani". Katika hadithi yenye mhusika wa miaka 20, ningeliacha neno lake mdomoni mwake. Na mtu aliyelaghaiwa, ambaye Kiingereza husema "he was taken in", kwetu ameingia mkenge au ameingizwa mjini. Hakuna kamusi itakayokupa jibu hilo chini ya "take". Linatoka kwa watu.

Sasa nigeukie upande wa pili, kwa mwanafunzi anayeandika insha ya Kiingereza. Mara nyingi huambiwa atafute visawe ili alama zipande, naye hukimbilia orodha: "seize", "grab", "accept", "remove", "carry", "capture". Anachagua lililo refu au geni zaidi. Matokeo yake anaandika kwamba alimnyakua shangazi yake kumpeleka sokoni.

Peter Mark Roget, daktari aliyezaliwa London mwaka 1779, alichapisha mwaka 1852 kitabu chake cha kupanga maneno kwa maana, kile ambacho wanafunzi wa Kiingereza bado wanakiita kwa neno "thesaurus". Hakuyapanga kwa alfabeti. Aliyapanga kwa fikra, katika vichwa 1,000, ili mtu mwenye wazo asiye na neno aende kwenye ujirani wa wazo hilo na kulichagua neno alilokuwa akilitafuta. Hicho ni kitabu cha mtu anayeyajua maneno tayari lakini yamemtoroka. Ukikitumia kuokotea neno ambalo hujawahi kulisikia likitumika, umeokota kitu cha mtu barabarani bila kujua ni cha nani. Visawe ni majirani, hawalali nyumba moja. "Seize" ina nguvu au sheria ndani yake, kama forodha inapokamata shehena. "Grab" ina haraka. "Accept" ina hiari, na ni sawa na "kubali" yetu iliyotoka Kiarabu. Mwanafunzi, ushauri wangu kwako ni kwamba usitumie kisawe mpaka umekikuta kwenye sentensi tatu za watu tofauti, na ukizisoma kwa sauti uone kama katika kila moja ungeweza kuweka chako bila maana kuyumba.

Na ukiandika Kiingereza usiburute Kiswahili nacho. Sisi tunakunywa dawa, lakini Mwingereza huambiwa "take", hata kama dawa ni ya maji. Sisi tunapiga picha, na anayeandika kwamba "alipiga" kwa Kiingereza atafikiriwa amempiga mtu. Heshima unayoidai kwa "meza" na "piga" kwa upande huu, uitoe kwa "take" kwa upande ule.

Kwa anayefanya kazi hii kila siku, kuna zoezi ambalo limenifaa na ninalipendekeza. Tafuta daftari, andika "take" juu ya ukurasa, na kwa mwezi mmoja kila unapokutana nalo kwenye habari, mkataba, filamu au maelekezo ya mashine, nakili sentensi nzima, kamwe si neno peke yake. Ubavuni andika Kiswahili ambacho mtu wa mtaani kwako angekisema katika hali hiyo, na kama hujui, muulize mtu. Muulize muuguzi mgonjwa hufanya nini na dawa ya kuvuta. Muulize fundi unapoondoa tairi unafanya nini. Kamusi unazo za kutosha. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ilitoa Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili mwaka 1996, nayo itakusaidia sana ikiwa utasoma kidahizo mpaka mwisho, pamoja na mifano yake. Asomaye mstari wa kwanza akafunga kitabu hajasoma kamusi. Mwezi ukiisha utakuwa na ukurasa ambao hakuna mtu mwingine anao, wenye "take" 40 au 50 na vitenzi vya Kiswahili visivyopungua 30. Utashangaa jinsi "chukua" ilivyoonekana mara chache humo.

Programu za simu zinazotafsiri zenyewe zimekuja, na najua wengi wenu mnazitumia, mimi pia. Zitumie kama msaidizi, kisha usome matokeo kwa sauti mbele ya mtu mzima asiyejua Kiingereza. Akikunja uso, hapo pana kosa, hata kama hawezi kukueleza ni lipi. Jirani yangu hakujua kwamba nyuma ya kikaratasi chake kulikuwa na neno "take". Alijua tu kwamba Kiswahili kile kilikuwa kinamtuma mahali asipopajua.

Siku ile niligeuza kikaratasi nikamwandikia upande wa nyuma kwa herufi kubwa, naye akaomba nimsomee mara mbili kabla hajaondoka. Wewe unayeandika maelekezo ya dawa leo, katika zahanati, duka la dawa au ofisi ya tafsiri, nakuomba uandike hivihivi: Meza kidonge 1 asubuhi. Meza kidonge 1 jioni.